Kabla ya Kuiita Kadari

Kila dozi ya dawa ya saratani ninayoichanganya huanza na namba mbili alizoandika muuguzi juu ya faili: kilo na sentimita. Nikizitia kwenye kanuni napata eneo la mwili wa mgonjwa kwa mita za mraba, na eneo hilo nalizidisha kwa miligramu zilizoagizwa na mwongozo. Kisha navaa glavu, nakaa mbele ya kabati la kuchanganyia, navuta dawa kwa sindano na kuitia kwenye mfuko wa dripu. Mgonjwa mwenyewe yuko ng'ambo ya ukuta, na mara nyingi uso wake siujui.

Mimi ni mfamasia. Nilizaliwa Tanga, kazi yangu iko mikoa ya kaskazini, ambako saratani ya tumbo si jambo geni. Madaktari wanaozunguka Kilimanjaro wamekuwa wakiiandika kwa miaka mingi. Wagonjwa wetu hufika wamechelewa. Wameshakunywa dawa za vidonda vya tumbo za kila aina, nguo zimeshawapwaya, chakula kimeshaanza kurudi. Nimelelewa katika Uislamu, na wenzangu wengi wodini ni Walutheri na Wakatoliki, lakini faili linapofungwa wote tunasema neno moja: ni mapenzi ya Mungu. Nalithamini neno hilo, nami nitalihitaji siku yangu itakapofika. Kwa sababu hiyohiyo nataka tujue linaanzia wapi.

Kuna wagonjwa wawili walionifanya niandike haya. Habari zao nimezigeuza kidogo wasitambulike, ila hesabu nimeiacha kama ilivyokuwa. Walianza dawa siku moja. Mama alikuwa na kilo 58 na urefu wa sentimita 160. Baba alikuwa na kilo 55 na sentimita 165. Kanuni iliwapa wote wawili mita za mraba 1.6. Mpango wao wa matibabu ulikuwa na dawa kadhaa, na kubwa kati yao ni ile tunayoiita 5-FU, miligramu 2,600 kwa kila mita ya mraba, inayotiririshwa kwa saa 24. Kwa hiyo kila mmoja alipata miligramu 4,160. Nilichanganya mifuko miwili ambayo, ukiondoa jina kwenye lebo, hakuna ambaye angeweza kuitofautisha.

Baada ya wiki mbili mama alirudi akitembea mwenyewe. Alisema hakuona lolote, hata kichefuchefu cha kumzuia kula uji, na akamshukuru Mungu mbele ya foleni nzima. Baba hakuufikia mzunguko wa pili. Mdomo wake ulichubuka, akaanza kuharisha mchana na usiku, na ndugu zake, kwa kudhani hivyo ndivyo dawa ya saratani ilivyo, wakamvumilisha nyumbani. Alipoletwa alikuwa amebebwa, chembe nyeupe za damu karibu zimekwisha, na homa juu. Alifariki siku ya tatu.

Kaka yake mkubwa alipokuja kuchukua vitu vya marehemu alinikuta dirishani. Akaniambia, "Dada, mmefanya mlichoweza. Siku zake zilikuwa zimefika."

Nikaitikia kama mtu aitikiavyo msibani. Sentensi yake ya pili sina la kusema juu yake. Siku za mtu haziko mikononi mwangu. Ya kwanza ndiyo iliyobaki nami. Je, ni kweli tulikuwa tumefanya kila tulichoweza?

Tuanze na kanuni yenyewe, maana watu wengi huidhania kuwa imeteremka. Ilitungwa New York na Delafield Du Bois pamoja na Eugene Du Bois, wakaichapisha mwaka 1916. Waliwafunika watu kwa karatasi zilizobana mwili, wakazivua, wakazikata vipande na kupima eneo lake. Watu hao walikuwa tisa. Shabaha yao ilikuwa kuelewa mwili unavyotumia nishati na kutoa joto. Dawa ya saratani haikuwa imezaliwa. Mwaka 1958 daktari wa watoto, Donald Pinkel, aliangalia dozi za dawa za saratani zilizokuwa zikitumika kwa wanyama wa maabara, kwa watoto na kwa watu wazima, akaona kwamba ukizigawanya kwa eneo la mwili zinakaribiana. Tangu hapo ulimwengu mzima umefuata. Hata mimi, kila asubuhi.

Siidharau kanuni hii. Iliziba mlango ambao ungeweza kuua wengi: daktari mmoja kukisia hiki, mwingine kukisia kile, tajiri kupewa kwa namna yake na maskini kwa yake. Kanuni haimjui mtu, na katika kutomjua huko mna ulinzi. Mkulima wa Rombo na mkurugenzi wa kampuni, wakiwa na kilo sawa na urefu sawa, hupata miligramu sawa. Ukinikuta ninaitetea mbele ya mtu anayetaka kukisia kwa macho, utaona nina ukali.

Lakini usawa huo ni wa kinachomiminwa. Kinachobaki mwilini ni jambo jingine, na hapa lazima nieleze dawa hii ilivyo.

5-FU ilitengenezwa na Charles Heidelberger na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, mwaka 1957. Ilikuwa imeshaonekana kwamba uvimbe wa saratani kwenye ini la panya hutumia urasili, mojawapo ya matofali ambayo seli hujengea, kwa wingi kuliko seli za kawaida. Wakachukua urasili, wakaondoa hidrojeni moja, wakaweka florini mahali pake. Seli huipokea ikidhani ni chakula chake, na ikiishaiingiza inashindwa kujigawa. Seli ya saratani hudhurika, na seli yoyote nyingine inayojigawa haraka nayo hudhurika: ngozi laini ya mdomo, utando wa utumbo, uboho unaotengeneza damu. Ndiyo maana mdomo wa baba yule ulichubuka.

Dawa hii haikai damuni. Ukiisimamisha, nusu yake huwa imeondoka katika muda wa robo saa hivi. Zaidi ya asilimia 80 ya kinachoingia huvunjwa, hasa kwenye ini, na kimeng'enya kiitwacho DPD, na ni sehemu ndogo tu inayobaki kufanya kazi iliyokusudiwa. Chukua simtanki mbili za ukubwa uleule zinazojazwa kwa mabomba ya unene uleule. Moja ina tundu kubwa chini, nyingine tundu dogo. Hutajua maji yatafika wapi kwa kupima tanki kwa nje. DPD ndiyo tundu lile, nayo hutofautiana mno kati ya mtu na mtu. Wako wachache sana ambao hawana kabisa, na kwao dozi ya kawaida inaweza kuwa mauti. Wako wengi zaidi waliorithi pungufu. Na wako ambao kwao inafanya kazi kwa kasi hata dawa huondoka kabla haijaugusa uvimbe. Kilo na sentimita hazisemi lolote juu ya hayo.

Katika mji wa Angers, Ufaransa, daktari Erick Gamelin na wenzake waliamua kuacha kukisia. Walichokifanya ni rahisi kukieleza. Mgonjwa akiwa bado kwenye dripu, saa nyingi baada ya kuanza ili kiwango kiwe kimetulia, huchukuliwa damu kidogo kutoka mkono wa pili. Maabara hupima kuna 5-FU kiasi gani katika lita ya damu. Kiasi hicho kikizidishwa kwa saa za dripu unapata jumla ya dawa ambayo mwili umekutana nayo. Mtu mwenye nusu miligramu kwa lita kwa saa 46 amekutana na 23, na kiwango kinacholengwa leo ni kati ya 20 na 30. Akiwa juu ya hapo, dozi ya mzunguko unaofuata hupunguzwa. Akiwa chini, huongezwa hatua kwa hatua, huku mdomo wake, tumbo lake na damu yake vikiangaliwa.

Mwaka 2008 walichapisha matokeo ya wagonjwa 208 wa saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa. Nusu walipewa dozi ya kanuni, nusu walirekebishiwa kwa damu yao. Uvimbe ulisinyaa kwa asilimia 18.3 ya wale wa kanuni na kwa asilimia 33.7 ya waliorekebishiwa, na madhara makali yalikuwa machache kwa hawa wa pili. Upande wa kuishi, wa pili walifikia miezi 22 dhidi ya 16 ya wenzao, ila tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika kwa takwimu. Naandika hivyo makusudi, maana anayependa jambo huwa mwepesi kuliongezea. Na huo ulikuwa utumbo mpana. Kwa saratani ya tumbo dawa ni ileile na kimeng'enya ni kilekile, lakini ushahidi ni mchache, na 5-FU huja na dawa nyingine zenye sumu zake. Hata kwa baba yule siwezi kuitia hatiani yenyewe pekee.

Kuna jambo katika tafiti hizi lililonitikisa kuliko vifo. Wagonjwa wengi waliopimwa hawakuwa wamezidishiwa. Walikuwa wamepunjwa.

Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mama aliyeshukuru mbele ya foleni. Picha zilizopigwa baada ya mizunguko minne zilionyesha uvimbe haujasogea hata kidogo. Tulimwambia dawa haikumkubali, tukambadilishia. Huenda ni kweli haikumkubali. Saratani nyingi za tumbo hazitii. Lakini huenda pia dawa ilikuwa ikiingia mkono huu na kuvunjwa kabla haijafika ilikotumwa, na utulivu wa mwili wake, ule ambao sote tulimpongeza, ulikuwa dalili kwamba hajapata kitu. Anayezidishiwa hulia, na kilio chake humfikisha hospitali. Anayepunjwa hushukuru. Hakuna anayemwita muuguzi usiku kwa sababu hajisikii vibaya. Ukiniuliza ni dhulma ipi iliyo nzito zaidi, nitakwambia ile ambayo aliyedhulumiwa haijui na aliyedhulumu haijui, kwa kuwa hakuna wa kuidai.

Sasa nani kati ya hawa wawili alitendewa haki? Mifuko ilikuwa sawa.

Aristotle, ambaye baba yake alikuwa tabibu, aliligusa swali hili katika kitabu chake cha maadili kinachoitwa kwa jina la Nicomachus. Alisema kuna kati mbili: kati ya hesabu, na kati inayotuhusu sisi. Akatoa mfano wa chakula cha wanamichezo. Ikiwa chakula cha uzito wa mina kumi ni kingi na cha mina mbili ni kichache, mwalimu wa mchezo hataamuru kila mtu ale sita, ingawa sita ndiyo kati. Kwa Milo, mpiga mieleka mashuhuri wa Croton, sita ni chache; kwa anayeanza mazoezi ni nyingi. Fadhila, kwa maelezo yake, ni kuipata ile kati inayomhusu mtu huyu, katika hali hii. Wanafunzi wa falsafa huusoma mfano huo kama mapambo ya hoja. Mimi niliusoma nikiwa nimeshika kalamu ya kuandikia dozi, na nikaona kwamba tumewapa watu wote sita kwa zaidi ya miaka 60 tukiita haki.

Ibn Sina alikwenda mbali zaidi. Katika Qanun, kitabu chake cha tiba, alieleza kwamba kila mtu ana mizaji yake, mchanganyiko wa tabia za mwili usiolingana sawasawa na wa mwingine, na tabibu hana budi kuujua. Hakuwa na habari ya vimeng'enya, na mengi ya elimu yake ya mizaji tumeyaacha kwa haki. Lakini alijua kwamba mgonjwa mmoja si mfano wa mwingine. Na mwisho wake mwenyewe unaumiza kuusoma. Mwanafunzi wake al-Juzjani, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba mwalimu alipopatwa na msokoto mkali wa tumbo aliagiza dawa yenye mbegu za figili-mwitu kwa uzito wa daniki mbili, na aliyemhudumia akatia dirhamu tano, uzito mkubwa zaidi kwa mbali. Al-Juzjani anasema hajui kama ilikuwa kusudi au kosa, kwa kuwa hakuwapo. Hali ikazidi kuwa mbaya. Baadaye, alipoona mwili hauwezi tena kujisimamia, Ibn Sina aliacha tiba, akajiandaa kukutana na Mola wake, akafa mwaka 1037 na kuzikwa Hamadan.

Ninavyouona, mwisho huo una mambo mawili ambayo tumezoea kuyaweka kapu moja. Uzito ule wa ziada ni wa mtu. Una mkono ulioutia. Ile saa ambayo Ibn Sina mwenyewe, tabibu kuliko matabibu wa zama zake, alisema sasa basi, hiyo ndiyo ninayoielewa kuwa kadari. Kuiita ya kwanza kadari ni kumpelekea Mungu hesabu yetu alipe.

Nikilisema hili kuna wanaoniona nimepungukiwa imani. Mama mmoja, muuguzi ninayefanya naye kazi, Mlutheri wa Marangu ninayemheshimu kama dada yangu mkubwa, aliwahi kuniambia wakati wa chai kwamba mashine hazina mwisho: leo utapima dawa damuni, kesho utapima nini, na mwanadamu atasahau kwamba uhai si wake. Mzee mmoja msikitini alinijibu kwa kifupi zaidi: lililoandikwa limeandikwa.

Hao wote nawajibu kwa kisa kimoja wanachokijua watoto wa madrasa. Sayyidna Umar, Mungu amridhie, alikuwa safarini kwenda Sham. Alipofika Sargh makamanda wake walimpokea kwa habari kwamba tauni imeingia nchini. Akataka ushauri, watu wakagawanyika, akaamua kurudi. Abu Ubayda, mmoja wa masahaba wakubwa, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akakubali kwamba anakimbia, ila anaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Akampa mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeteremka kwenye bonde lenye pande mbili, moja yenye majani na nyingine kavu: akilisha upande wa majani amelisha kwa kadari ya Mungu, na akilisha upande mkavu vilevile. Hakuna aliyesema kwa sababu hiyo aende upande mkavu.

Kwa muda mrefu nilikichukua kisa hiki kama ushindi wa Umar. Siku hizi namfikiria Abu Ubayda pia. Alirudi kwa watu wake, akakaa nao, na tauni ile ya Amwas ikamchukua mwaka wa 18 wa Hijria. Waislamu hawakumhesabu kuwa alikosea, wanamwita shahidi. Aliyekuwa na njia ya kuepusha madhara aliitumia, na aliyekuwa na watu wa kubaki nao alibaki. Wodi inawahitaji wote wawili. Muuguzi yule wa Marangu hukaa kando ya kitanda cha mtu ambaye hakuna dozi itakayomsaidia, akamshika mkono hadi alfajiri, na kipimo chochote hakiwezi kufanya kazi hiyo. Ninachokataa ni kumtumia Abu Ubayda kumnyamazisha Umar.

Surat Rahman, baada tu ya kutaja mbingu kuinuliwa, inataja mizani, na katazo lake linahusu pande zote mbili: kupita kiasi na kupunja. Nimeisikia ikisomwa tangu utotoni, na siku zote nilidhani inawaambia wafanyabiashara. Sidhani hivyo tena.

Na kuhusu hofu ya kiburi, naiona kinyume. Kiburi ni kudhani kwamba kwa kujua urefu wa mtu nimeshamjua. Anayeomba tone la damu amekiri kwamba mgonjwa aliye mbele yake hajapata kuumbwa kabla, na wastani wa wengine hautamweleza.

Tena wastani wa akina nani? Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana jambo hili linatuhusu sisi kuliko wengine. Japani, nchi yenye saratani nyingi ya tumbo, ina vidonge viitwavyo S-1, vilivyoidhinishwa huko kwa ugonjwa huo mwaka 1999. Ndani yake mna dawa inayogeuzwa na ini kuwa 5-FU, pamoja na gimerasili, inayoizuia DPD isiivunje. Wajapani hupewa miligramu 40 kwa mita ya mraba mara mbili kwa siku. Vilipofika kwa wagonjwa wenye asili ya Ulaya dozi hiyo iliwaumiza, kwa kuwa ini lao huigeuza dawa upesi zaidi, na ikabidi kwao iteremshwe hadi 25. Kidonge kimoja, ugonjwa mmoja, mita ya mraba moja, na bado dozi mbili. Watu walipimwa, tofauti ikaonekana, ikaheshimiwa.

Sisi dozi zetu zimetoka kwa hao. Kwa miaka mingi vipimo vya vinasaba vilivyotumika Ulaya kabla ya 5-FU vilitafuta mabadiliko manne ya jini la DPD, manne yanayopatikana hasa kwa Wazungu. Lipo badiliko jingine linalopunguza nguvu ya kimeng'enya ambalo hupatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika pekee, nalo halikuwamo katika orodha hiyo. Mwafrika mwenye badiliko hilo angepimwa London, angeambiwa yuko salama, na angepewa dozi kamili. Hakuna aliyekusudia ubaya. Orodha ilitengenezwa kutokana na damu iliyokuwapo kwenye friji za waliotengeneza.

Najua jibu litakalokuja: dada, unaota mchana, mikoa mingine haina hata dawa yenyewe. Ni kweli. Kipimo cha 5-FU kina masharti magumu. Chembe za damu zenyewe zina DPD, kwa hiyo damu ikikaa kwenye kichupa inaendelea kuivunja dawa, na ukichelewa unapima uongo. Inahitaji barafu na kuzungushwa upesi kwenye mashine, au kichupa kilichotiwa gimerasili, kisha maabara yenye vifaa vya gharama na mtu anayejua kuvitumia. Umeme ukikatika saa mbaya, kazi imekwisha. Sitamlaumu mganga mkuu wa mkoa anayenunua kwanza dawa za kichefuchefu.

Ila kutokuwa na kipimo hakutufanyi tuwe bure. Kipo kipimo kingine, chepesi kidogo, kinachofanyika kabla ya dozi ya kwanza. Kwa kuwa DPD huvunja pia urasili wa kawaida wa mwili, mtu mwenye DPD dhaifu huwa na urasili mwingi damuni. Ukifika nanogramu 16 kwa mililita, anaanza kwa dozi iliyopunguzwa. Ukifika 150, hapewi dawa hii kabisa. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza wagonjwa wapimwe DPD kabla ya kuanza, na Ufaransa ilikuwa imetangulia. Ni sampuli moja, mara moja. Hospitali zetu kubwa zinazotibu saratani, Ocean Road, KCMC, Bugando, zinaweza kukubaliana kuwa na maabara moja inayopokea sampuli za nchi nzima. Kupelekwa kwa sampuli si kitu kigeni kwetu; za kifua kikuu na za virusi vya Ukimwi husafiri kila wiki kwa basi na kwa pikipiki. Naliomba jambo hili kwa wanaopanga bajeti, na nitaendelea kuliomba.

Hadi lije, kipo kipimo cha zamani kuliko vyote, nacho ni kumwangalia mtu na kumuuliza. Tangu baba yule afariki nimeomba ruhusa ya kutoka nyuma ya ukuta. Kabla ya mzunguko wa pili nakwenda kitandani, namwamkia mgonjwa, naomba afumbue mdomo. Namuuliza amekula nini, amekwenda chooni mara ngapi, alilala vipi usiku wa nne. Nalinganisha majibu na chembe zake za damu. Asiyepata dhara hata moja namwandikia daktari pia, kwa wino uleule, kwamba huyu naye aangaliwe, asipongezwe tu.

Na wewe unayemuuguza mzazi au mume wako nyumbani, nisikilize. Mgonjwa aliyepewa 5-FU au vidonge vya jamii yake akichubuka mdomo, akiharisha zaidi ya mara nne kwa siku, au akishikwa na homa katika siku za mwanzo, usimvumilishe, na usingoje tarehe ya kliniki. Mwaka 2015 Marekani iliidhinisha dawa ya kuokoa waliozidiwa na 5-FU, nayo ina masharti ya kutolewa ndani ya saa 96 tangu dozi iishe. Hapa kwetu tunachotegemea ni maji ya mshipani, viuavijasumu na uangalizi, na hivyo navyo huokoa vikianza mapema. Mlete siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama ni Jumapili, na uje na karatasi yenye jina la dawa na tarehe aliyopewa.